Mwanafunzi anajua simu, mwalimu anajua kompyuta: pengo la vizazi linavyovuruga ufundishaji, na namna ya kuliziba darasani

ChakiNaKibodi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walimu, wakufunzi na mafundi wa maabara za kompyuta. Wazazi mnakaribishwa, ila tusiugeuze kuwa uzi wa kuwalalamikia vijana.

Semina nyingi za TEHAMA kwa walimu huanza na wimbo uleule: watoto wamezaliwa na teknolojia, wazee tumeachwa. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliwagawa watu kuwa "wenyeji" na "wahamiaji" wa ulimwengu wa kidijitali, na mgawanyo huo umerudiwa hadi watu wakaudhani ni kanuni ya sayansi. Kaa na kidato cha pili mbele ya kompyuta kwa dakika kumi tu uone kama kanuni hiyo inasimama.

Mpe kijana anayeikata TikTok kwa kidole gumba kazi hii: fungua Word, andika mistari mitano, hifadhi ndani ya folda yenye jina lako, funga kila kitu, kisha nionyeshe faili lako liko wapi. Hapo mwisho ndipo wengi wanapogota. Kwenye simu, faili halina makazi yanayoonekana: picha ziko "galari", PDF iko "WhatsApp", muziki uko kwenye programu ya muziki. Programu ndiyo inayokumbuka. Kwenye kompyuta mambo yamegeuka, faili ndilo lenye anwani, na programu ni ufunguo wa kulifungulia tu.

Mwalimu aliyejifunzia Windows 98 au XP analijua hilo mpaka usingizini, kwa sababu enzi zake umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi imeenda. Lakini mpe huyo huyo kishikwambi. Atatafuta kitufe cha kuhifadhi ambacho hakipo, atabonyeza kwa nguvu na kushikilia, menyu asiyoiomba itachomoza, naye atakiweka chini taratibu kama kikombe cha mgeni.

Kwa hiyo mwalimu anaposema "hifadhini kazi zenu" na darasa zima likajibu "ndiyo mwalimu", pande mbili zimesikia vitu viwili tofauti. Wiki ijayo nusu ya kazi hazionekani, mwalimu anasema watoto wavivu, watoto wanasema kompyuta mbovu.

Pendekezo langu: kabla ya mada ya kwanza ya muhula, toa zoezi la dakika 15 bila maelezo yoyote. Kila mmoja aandike jina lake akianza na herufi kubwa, aunde folda, ahifadhi humo, anakili faili kwenye flashi, alibadilishe jina, kisha alifungue kutoka kwenye flashi. Wewe simama nyuma yao ili uone vioo. Utaona anayewasha Caps Lock, anaandika herufi moja, anaizima tena, kila herufi kubwa, kwa kuwa kwenye simu mshale wa herufi kubwa unaguswa mara moja na kuachiwa, haushikiliwi pamoja na herufi. Utaona anayefungua faili kutoka kwenye orodha ya "za karibuni", kumbe ni nakala ya kwenye kompyuta, ya kwenye flashi hata hajaigusa. Na yupo atakayetafuta neno "share".

Andika ni wangapi wamegota wapi. Huo ndio mpango wako wa wiki mbili za kwanza, usianze na "maana ya kompyuta".

---

Ubao_Mweusi

Mkuu nakubaliana na nusu. Nusu nyingine umetuonea sisi wenye mvi.

Mwalimu wa miaka 50 haogopi kishikwambi, anaogopa kuumbuka mbele ya wanafunzi. Pia kuna mambo ya mwili ambayo wakufunzi vijana hawayafikirii kabisa. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi jicho hupungua uwezo wa kuona karibu. Yule mwalimu mnayemwona anasogeza kishikwambi mbali na kukirudisha, hasomi polepole, haoni. Nenda Mipangilio, Onyesho, Ukubwa wa fonti, ongeza hatua mbili. Semina ianzie hapo, na inachukua sekunde 30.

La pili ni kidole. Kioo cha kugusa kinahisi umeme mdogo wa ngozi. Ngozi kavu inasomeka vibaya, na kidole chenye vumbi la chaki ndiyo kabisa. Mwalimu anagusa, kioo kimya, anabonyeza kwa nguvu zaidi na kushikilia, basi kishikwambi kinadhani ameomba menyu ya pembeni. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwa mikono, na ndani ya Ufikivu kuna mpangilio wa muda wa kugusa na kushikilia, uweke "mrefu". Nusu ya "walimu wasiojua teknolojia" mtawapunguza hapo.

Tatu, mkufunzi asiguse kifaa cha anayefundishwa. Akikunyang'anya na kusema "ni hivi tu, rahisi," vidole vyake vimejifunza, vyako bado. Aweke mikono nyuma, aseme kwa mdomo: juu kulia, nukta tatu, gusa mara moja.

---

ChakiNaKibodi

Shikamoo mwalimu. Hilo la chaki nalichukua lote. Naongeza kwamba vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 vikagawiwa walimu vilikuja vikiwa vimepangwa kwa kazi nyingine. Jambo la kwanza kuangalia ni nafasi iliyobaki na akaunti ya Google iliyomo. Mwalimu akisahau nywila, na laini ya simu aliyosajilia akaunti alishaipoteza, kukifuta kifaa kirudi kwenye hali ya kiwandani (factory reset) hakumsaidii: kikiwaka kitadai akaunti ileile ya mwanzo. Nywila iandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Wataalamu wa usalama watanuna, ila kwa ofisi ya walimu karatasi iliyofungiwa ni salama kuliko nywila 123456.

---

Mwl_wa_Jedwali

Mimi naleta upande ambao haugusiwi: walimu vijana. Wametoka chuoni juzi, wanatengeneza video na mabango ya mahafali kwa simu, shule nzima inasema "huyu ndiye mtaalamu," basi anakabidhiwa jedwali la matokeo la Excel. Hapo ndipo mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani anapata A.

Sitanii. Fomula inayozunguka kwenye magrupu ya walimu kwa madaraja ya kidato cha nne ni hii:

=IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F"))))

Viwango viko sawa. Sasa kwenye C2 andika ABS, yaani hakuwepo. Excel inahesabu maandishi yoyote kuwa makubwa kuliko namba yoyote. "ABS" imeshinda 75, jibu A. Ukiacha seli tupu, inachukuliwa kuwa sifuri, jibu F. Mtoro huyohuyo anapata A au F kutegemea aliyejaza alijisikiaje siku hiyo.

Dawa yake, ISNUMBER iulize kwanza kama kilichomo ni namba:

=IF(ISNUMBER(C2),IF(ROUND(C2,0)>=75,"A",IF(ROUND(C2,0)>=65,"B",IF(ROUND(C2,0)>=45,"C",IF(ROUND(C2,0)>=30,"D","F")))),"ABS")

ROUND nimeiweka makusudi. Wastani wa 74.5 ukiondoa desimali kwa mwonekano tu, kwenye karatasi inasomeka 75, ila ndani bado ni 74.5. Mzazi anaona "75 – B" na kuja shuleni na kanga kiunoni, na ana haki. Amueni kama shule kwanza: mnakadiria juu au hamkadirii? Msiokadiria, toeni ROUND na mwonyeshe desimali moja kwenye karatasi.

Mengine kwa haraka. Jumla iandikwe kwa SUM, si C2+D2+E2, maana ABS moja ikiingia katikati ya alama za kujumlisha jibu ni #VALUE!. AVERAGE inaruka maandishi na seli tupu, kwa hiyo aliyefanya masomo matatu kati ya saba anaweza kuongoza darasa kwa wastani. Namba za simu za wazazi zikipoteza sifuri ya mbele, chagua safu nzima, ifanye "Text" KABLA ya kuandika, ukifanya baadaye sifuri hairudi. Na msipange kwa kuchagua safu ya alama peke yake: Excel itauliza kama ipanue uchaguzi, mtu anabofya haraka haraka asichosoma, alama zinahama majina yanabaki. Hilo likigundulika baada ya kuhifadhi na kufunga, mnarudi kwenye karatasi za mitihani.

Fomula ikikataa kabisa kuingia, jaribu nukta mkato badala ya mkato. Inategemea kompyuta imewekwa eneo gani.

---

Ubao_Mweusi

Hapo ndipo mzee na kijana wanapohitajiana. Mwalimu wa taaluma mwenye miaka 25 kazini hajui ISNUMBER, lakini akiona A mbele ya jina la mtoto aliyekuwa hospitali wiki ya mtihani, anashtuka hapo hapo. Mkae wawili: kijana kwenye kibodi, mzee na karatasi ya mahudhurio, achukue majina kumi bila mpangilio na kulinganisha na karatasi za mitihani. Dakika 20.

---

Neema_Kid3

Samahani wakuu, naomba msaada. Maabara ina kompyuta 6 zinazowaka, darasa lina wanafunzi 72, kipindi ni cha mara mbili, dakika 80. Wenye simu nyumbani wanashika mausi, wengine wanatazama kama sinema. Nifanyeje?

---

FundiWaMaabara

Dada Neema, piga hesabu hivi. Watatu kwa kompyuta moja, kompyuta 6, ni 18 kwa mkupuo. Makundi manne, dakika 20 kila moja, toa 3 za kupokezana, unabaki na 17. Ndani ya hizo, kila mtoto ashike mausi dakika 5. Piga kengele au gonga meza, usitegemee waachie kwa hiari.

Watatu wawe na kazi tatu: mmoja anashika mausi na kibodi, mmoja anaelekeza kwa mdomo, mmoja anaandika kwenye daftari hatua walizopita. Zinazunguka. Na hapa usilegee hata siku moja: anayejua zaidi ndiye wa mwisho kushika, anaanza na kuelekeza. Atateseka, maana amezoea kuonyesha kwa mkono na hana maneno. "Bofya pale" haikubaliki, aseme pale ni wapi na panaitwaje. Mwenye simu nyumbani atagundua kwamba kitu anachokifanya kila siku hakijui jina.

Makundi matatu yaliyobaki nje ya mashine yasikae bure. Kibodi ya karatasi bado inafanya kazi: chora kwenye A4 ubavu, vitufe vya sentimita 2 kwa 2 karibu na ukubwa halisi, wafanye zoezi la vidole nane, kushoto A S D F, kulia J K L na nukta mkato. F na J zina vijinundu kwenye kibodi halisi, kwenye karatasi gundisha punje ya mchele. Wanaotoka kwenye simu wanaandika kwa vidole viwili, na wasipozuiwa mwezi wa kwanza, tabia hiyo haitoki.

Kundi jingine lichore mti wa folda kwa mkono: Kidato3, ndani yake Historia, Jiografia, TEHAMA, ndani ya TEHAMA majina yao. Wanaochora kwanza hawapati shida sana kwenye mashine. Mfano unaoeleweka ni boma, nyumba, chumba, kabati. Wakiuliza "kwani haipo kwenye galari?" waambie galari ni dirisha, si chumba.

---

Mpwani_Gredi4

Hamjambo nyote. Nachangia kutoka upande wa Kenya. Vishikwambi vya mpango wa kidijitali vilianza kufika darasa la kwanza 2016, na mtaala wa umilisi umeufanya ujuzi wa kidijitali kuwa mojawapo ya umilisi saba wa msingi. Ila pengo ninalotaka mlione ni la mtu wa tatu: mzazi, na mara nyingi ni nyanya anayelea wajukuu akiwa na mulika mwizi (simu ndogo ya vitufe) mkononi.

Mwalimu kijana hutuma kazi ya nyumbani kwenye grupu la WhatsApp: picha tatu, video moja, "mchapishe na kuleta kesho". Nyanya hana WhatsApp. Mtoto anatumwa saiba kwa pesa za unga, na picha aliyoipokea kutoka kwa jirani imebanwa mara mbili, maandishi hayasomeki yakichapwa. Ikiwa ni lazima mtume picha ya maandishi, itumeni kama hati, si kama picha, haibanwi.

Bora zaidi, tuma SMS ya kawaida, na hapa kuna mtego. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Weka emoji moja tu, uwezo unashuka hadi 70, nawe unalipia jumbe mbili au tatu. Hata bila emoji: ukinakili kutoka Word, kiapostrofi cha "ng'ombe" huwa kile kilichopinda, nacho hakimo katika orodha ya herufi za kawaida za SMS. Ng'ombe mmoja anaiponda bajeti ya shule nzima. Andika upya kwa kile kilichonyooka.

Na kazi yenyewe iwe ile ambayo nyanya ndiye mtaalamu. "Muulize mlezi wako majina matano ya mimea ya dawa na matumizi yake, andika." Siku hiyo simu haihitajiki, na mwenye kujua ni yeye.

---

ChakiNaKibodi

Nyanya = bibi, kwa ndugu zangu wa bara wanaofikiria mchuzi 😀. Mpwani umenena.

---

Kijana_wa_Seva

Shule zisizo na bando: wekeni Kolibri kwenye kompyuta mpakato moja. Ni programu ya bure, masomo yanapakuliwa mara moja mjini, kisha yanaonekana kwenye vifaa vingine bila intaneti. Ina lugha ya Kiswahili pia. Ila kuna mambo manne yanayowaangusha walimu, na karibu yote yanatokana na mazoea ya simu.

Kwanza, hotspoti ya Windows inapokea vifaa 8 tu. Wa tisa anazunguka bila kuingia, mnadhani kifaa chake kibovu. Tumieni ruta ya kawaida, hata isiyo na laini, iunganishwe na mpakato kwa waya. Kazi yake ni kugawa mawimbi tu.

Pili, kishikwambi kikiona Wi-Fi haina intaneti kinalalamika, na kama kina laini ya simu kinahamia data kimyakimya. Ukurasa hauji. Zimeni data, na kikiuliza kama mbaki kwenye mtandao usio na intaneti, jibuni ndiyo.

Tatu, anwani. Ni namba kama 192.168.0.100:8080, inaandikwa kwenye mstari wa anwani wa kivinjari, si kwenye kisanduku cha Google. Vijana wengi hawajawahi kuandika anwani maishani, kwao kila kitu ni kutafuta. Ianze na http, isiwe https. Iandikeni ubaoni herufi kubwa za futi moja. Namba yenu halisi mtaiona kwenye mpakato, na inaweza kubadilika ruta ikizimwa, kwa hiyo angalieni kila asubuhi.

Nne, Windows huuliza mara ya kwanza kama iruhusu programu kupita kwenye mtandao. Aliyebofya "hapana" atahangaika wiki nzima: kwenye mpakato inafungua, kwenye vifaa vingine haifungui. Ukiona dalili hiyo, nenda moja kwa moja kwenye kinga ya Windows (Firewall) ukairuhusu.

Kuhusu kuchaji: vishikwambi 40 kwa wati 10 kila kimoja ni wati 400, umeme wa kawaida unatosha. Hatari ni ekstensheni nyembamba zilizochomekwa moja ndani ya nyingine. Ukishika plagi ikawa ya moto, gawanya.

---

Neema_Kid3

Asanteni sana. Swali la mwisho: insha. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kazi za likizo zinarudi zote zina Kiswahili cha redioni. Kuna programu ya kuwakamata?

---

Mwl_wa_Jedwali

Usitegemee hizo programu. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na chombo chao cha kutambua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ukimwadhibu mtoto aliyeandika mwenyewe vizuri, umempoteza.

Fanya hivi: kazi ya likizo iletwe na rasimu ya mkono, yenye vifuto. Siku ya kwanza wape dakika 10 darasani, kila mmoja afungue insha yake na aandike upya aya ya pili kwa maneno mengine bila kutazama. Kisha chagua maneno matatu magumu kutoka kwenye insha yake, atunge sentensi.

---

Ubao_Mweusi

Na swali lenyewe libadilike. "Eleza faida za kilimo" mashine inalijibu kabla hujamaliza kuuliza. Uliza: "Taja mazao matatu yaliyouzwa kwenye gulio la kijiji chenu Jumamosi iliyopita, bei ya kila moja kwa kipimo kilichotumika, na kwa nini moja lilikuwa ghali." Aliyekwenda gulioni atakuambia kipimo kilikuwa debe, sado au kisado. Mashine itaandika kilo.